Kadi ya Baba na Mama Brayan

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina nalificha kwa sababu Arusha ni ndogo, na mapazia yangu yananing'inia kwenye nyumba nyingi za mji huu.

Mimi ni fundi mapazia. Nina duka dogo mjini, naishi Sombetini. Kila Desemba nawapelekea wateja wangu kadi za Krismasi, maana mteja ukimkumbuka naye hukukumbuka. Na nilijiona mjanja! Siandiki "Mpendwa mteja" kama wengine. Naandika Baba Fulani, Mama Fulani, kama ndugu. Nani hapendi kuitwa kwa jina la mtoto wake?

Sasa, kuna mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja kwangu na mama mmoja mchangamfu, wameongozana na mtoto wao, Brayan. Nikawashonea mapazia ya nyumba nzima huko Engutoto. Mama Brayan alishindwa kuchagua rangi, basi Baba Brayan akaondoka na vipande vya sampuli, akarudi baadaye na jibu lake.

Krismasi iliyopita, kadi yao niliiandika kwa madaha: "Kwa Baba na Mama Brayan, amani itawale nyumbani kwenu." Juu ya bahasha nikaweka jina la ukoo la mzee tu.

Nilipita dukani kwake, sikumkuta. Mlinzi akaniambia mzee yupo nyumbani, Kijenge. Kijenge? Moyoni nikajua wamehama kutoka Engutoto. Nyumba mpya, madirisha mapya! Ningemwachia mlinzi ile kadi, haya yote yasingetokea. Lakini tamaa na kimbelembele! Nikaomba kuelekezwa, nikaenda mwenyewe.

Alinifungulia mama wa makamo, mtulivu. Nikampa shikamoo, nikamweleza kuwa mimi ni fundi wa mzee na nimeleta salamu za sikukuu. Nilidhani ni dada wa mzee. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akanikaribisha sebuleni, akanimiminia chai.

"Baba Anna katoka kidogo, anarudi sasa hivi," akasema. "Mimi ndiye Mama Anna."

Jamani, nikainua macho! Ukutani kulikuwa na picha ya harusi. Mzee akiwa kijana, na mama huyu huyu pembeni yake. Na bahasha anayo mkononi!

Nikamwomba anirudishie, nikasema nimechanganya bahasha. Akacheka, akasema salamu za heri hazina kukosea, huku kidole chake kikiwa kimeshaingia chini ya gundi. Nilinyoosha mkono kabisa nimpokonye. Nilichelewa.

Alisoma, akarudia kusoma, kisha akaniangalia.

"Brayan ni nani?"

Nikadanganya. Nikasema ni mtoto wa wateja wengine, watu wa mbali, wamegongana tu jina la ukoo na mzee. Niliona anataka kuniamini. Uso wake ulilegea, akaniongezea chai. Ningeaga pale pale!

Lakini mimi nikiogopa mdomo haufungi. Na macho yangu ya kazi yalikuwa yameshakwenda kwenye mapazia yake, yamepauka mpaka maua hayaonekani. Akaniona nikiyatazama. Akasema kila mwaka anamwomba Baba Anna mapya, kila mwaka anaambiwa asubiri. Halafu akauliza, kwa upole tu, hao watu wa mbali niliwashonea ya namna gani.

Mdomo uliponza kichwa! Nikajibu kama niko dukani: velveti ya kijani iliyokolea, pindo la dhahabu, sebule na vyumba vyote, mama ungeyaona ungeyapenda.

Akaweka birika chini.

"Rangi hiyo niliichagua mimi," akasema. "Baba Anna aliniletea vipande hapa mezani. Alisema ni vya ofisini."

Hakulia, wala hakunifokea. Aliirudisha kadi kwenye bahasha, akaisimamisha mezani mbele ya kiti cha mume wake. Akanishukuru kwa salamu, akaniambia niende, yeye atamsubiri mumewe.

Getini nilipishana na gari la mzee likiingia. Alinipungia mkono, anatabasamu. Nami nikampungia.

Jioni alinipigia simu. Matusi aliyonitukana siwezi kuyaandika hapa. Mama Brayan naye hataki kunisikia, na wateja wote walioletwa na hao wawili wamekata mguu. Duka limepoa. Hayo nitayazoea. Lakini Mama Anna amerudi kwao, huko chini ya Mlima Meru, na wanawe.

Wapo wanaoniambia nilimsaidia. Labda. Ila ukweli ule hakuupata kwa mtu aliyemhurumia. Aliupata kwa mtu aliyekuja kutafuta oda, na aliyemdanganya kwanza huku akinywa chai yake. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Ndugu zangu mnaofanya biashara, mtakieni mteja heri kwa jina lake mwenyewe. U-baba na u-mama waachieni wenyewe, hamjui umeandikwa kwenye nyumba ngapi! Na kama umeshakosea, usiongeze neno. Funga mdomo, aga, ondoka.

Mwaka huu sipeleki kadi kwa mtu. Nimenunua moja tu, ya Mama Anna, na mpaka leo sijui niandike nini ndani.