Mama Virginie na Vitesi ya Tatu

Hebu mwone Mama Virginie akifika: kikwembe kimefungwa vizuri, sandale miguuni, na nyuma yake kijana wa pusipusi anamsukumia gunia la makala ya kupikia. Wenye kuuza motoka wakimwona hivyo, wanapunguza maneno. Aliendesha kamyo za mizigo miaka mingi, na leo hapa Kampemba muntu mwenye akili hanunui motoka kama Mama hajaishika kwanza.

Siku ile aliitwa na David na bibi yake Keren, waliotaka motoka ya Keren ya kwenda kazini. Keren ni mkunga, anazalisha wamama hopitali. Wanakaa pembeni ya mji, Annexe, na asubuhi njia yao inajaa kamyo za mawe ya migodi. Keren alishaonywa: akichelewa tena, kazi imekwisha. Lakini David alikuwa ameshapenda motoka moja nyekundu ya mbio, aliyoijaribu kule mtaa wa Golf, barabara tupu, muziki juu.

"Mama, ile inaimba!"

"Iimbe tu, papa. Tieni makala nyuma. Keren, ingia. Na wewe papa, na tumbo yako yote, ingia."

Ndiyo kawaida yake: motoka haijaribiwi tupu. Inabeba kwanza kile itakachobeba kila siku.

Akashika njia ya Annexe, nyuma ya kamyo, kwa vitesi ya tatu, gia ile moja, bila kubadilisha. Akakanyaga ili aipite. Nyekundu ikawaza kwanza. Ilipoanza kulia na kuruka, pikipiki ilikuwa inakuja mbele. Mama Virginie akarudi polepole nyuma ya kamyo.

"Nguvu yake yote iko juu, motere ikishalia sana," akasema. "Katikati inalala."

"Si unarudisha vitesi ya pili tu!" David akasema.

"Kila kamyo, kila siku? Mukono yako itakufa kwanza, mbele ya motere."

Wakachukua motoka ya pili iliyokuwa inauzwa, ya kijivu, nayo ya mbio. Gunia lile lile, njia ile ile. Hii haikuimba. Alipokanyaga tu, iliwavuta kama shemeji anayekuvuta kwenye dansi, hakuulizi. Kamyo ikabaki nyuma. Keren akacheka peke yake.

"Hii njo yangu," akasema.

"Kusema kweli, miye moyo uko kwa nyekundu," Mama Virginie akasema. "Lakini hakuna mama mwenye uchungu anayeningojea miye."

Kijivu ikanunuliwa. Ikabaki nyekundu kurudishwa kwa mwenyewe.

"Basi, miye niipeleke," David akasema, sauti ndogo. "Nizunguke kidogo tu."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Keren. Ungekuwa wewe, ungempa?