Kichwa Kilichobaki Nusu

Clementina alikuwa mwoga, jamani. Nasema hivyo mimi niliyempenda, tena nasema akiwa hai, yuko Canada huko analalamikia theluji, kwa hiyo akitaka kunijibu namba yangu anayo. Aliogopa lifti. Aliogopa mbwa wa Morningside, mtaa wa matajiri, wanaobweka nyuma ya geti, hata geti likiwa na kufuli. Kwenye robot, ndivyo Durban wanavyoita taa za barabarani, aliiacha ile kijani ya kwanza ipite akangoja ya pili, eti ya kwanza huenda imekosea. Mimi Atuganile, mtoto wa Tukuyu, subira hiyo sikujaliwa. Nilikuwa namshika mkono namburuta kama mbuzi wa mnadani.

Tulikuwa tunasuka nywele barabarani, katikati ya mji, karibu na kituo cha teksi, yaani daladala za kule. Viti viwili vya plastiki, mwavuli, boksi la nywele za bandia, vitana, na mdomo wa kuita wateja. Mdomo ulikuwa wangu. Mikono ilikuwa ya Clementina, na mikono ile, loo! Mstari wake ulinyooka hata ukiutazama kwa karibu mpaka macho yakuume.

Alikuwa na desturi moja. Kabla hajaanza kusuka aliweka kiganja juu ya kichwa cha mteja, akafumba macho, akamwombea. Neno moja mawili tu, kwa Kiswahili chao cha Uvira, kule Kongo. Wateja wa Kizulu walidhani ndivyo wasusi wa Kongo wanavyofanya wote. Kulikuwa na bibi mmoja, MaCele, nywele zake fupi hata kitana hakikupata pa kushika, lakini kila wiki alikuja, akakaa kitini, akainamisha kichwa apate kile kiganja, kisha huyo, kwenda zake. Nami nilikuwa nanung'unika kwamba anatuzibia kiti. Siku hizi namkumbuka MaCele na natamani ningepata kiganja kile walau mara moja kwa mwezi.

Tulikaa Greyville, chumba kimoja tumekigawa kwa pazia, na ibada tulifanya katika ukumbi wa kukodi juu ya duka, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Mchungaji wetu, Léonce, mchana alilinda magari ya watu mjini, na siku ya ibada alivaa tai. Siku za mbio alikuwa akisema, "Ndugu zangu, tutulie mbele za Bwana," na huko nje umati unalipuka farasi fulani ameshinda, nasi tunaitikia amina. Tulicheka sana maisha yale.

Basi, mwaka tisini na nane vita vikaanza tena Kongo, watu wakazidi kuja, na maneno mjini yakazidi. Wageni wanachukua wateja, wageni wanajaza njia. Alhamisi moja mchana Clementina alikuwa na kichwa cha binti mmoja, Hlengiwe, mshonaji wa kiwandani, wa Umlazi. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Alitaka mistari myembamba inayopanda juu na kuzunguka kama ukindu wa mkeka, kazi ya siku mbili. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto bado, vijana wakatokea na fimbo. Walipita kwa kila mgeni, kiti kwa kiti. "Kesho tusimwone mtu wenu hapa. Tukimkuta, asije kumlaumu mtu."

Tulikusanya vitu mbio mbio. Hlengiwe akajifunga kitambaa kichwani, akakimbilia teksi. Na Clementina, yule yule mwoga wa robot, akapaza sauti nyuma yake: "Kesho asubui! Nakungoja hapa hapa!"

Nikadhani mdomo umemteleza.

Jioni ukumbi wa Greyville ulijaa. Mchungaji Léonce alisema kesho kila mtu abaki nyumbani, Mungu hakutuleta mbali hivi tuje kufia kwenye lami. Watu waliomba kwa sauti kubwa, wengine wakilia, moto ushuke, malaika wazunguke. Mimi nilikuwa karibu na Clementina, nikamsikia. Aliomba chini chini, kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani: "Bwana, miye ni mwoga, unanijua. Kuogopa nitaogopa tu. Nakuomba mikono. Mikono isitetemeke."

Nikaelewa. Kesho anakwenda kweli. Tulipofika nyumbani nikamvaa.

"Wee Clementina, una wazimu? Unakwenda kwa ajili ya nywele?"

"Atu, nilimwambia namungoja. Harusi iko samedi. Nyumba yake hatuijui. Atanitafuta wapi?"

"Atasuka kwingine!"

"Kichwa ya nusu, nani atapokea? Kila musuki iko na mukono yake."

"Kwetu wanasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Umesikia? Kilio!"

Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku waliyokimbia Uvira, maharage yalikuwa jikoni yanachemka. Alifunga mlango akayaacha motoni. Tangu hapo, alisema, usingizini anayasikia yakiungua. "Nimekimbia sana, Atu. Nimeacha vitu nusu nusu njia yote mpaka hapa. Hii moja niachie nimalize." Kisha akala ugali wake wote, akaosha vitana, akalala. Akakoroma! Mimi ndiye niliyebaki nageuka geuka kitandani, namchukia kwa hofu ya kumpoteza.

Asubuhi nilimfuata. Sikwenda kusuka, ieleweke. Nilikwenda kumburuta arudi, kama kawaida yangu. Lakini nilipofika alikwisha panga viti, na njia ilikuwa nyeupe, wasusi wote hawapo, wauza mikanda hawapo, teksi tu zinapiga honi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mgongo wa kiti kitupu, macho amefumba. Nikasimama pale kama mlingoti.

Wakaja. Wanne. Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nyekundu. Akamwuliza, kwani jana hukusikia? Clementina, kwa Kizulu chake cha kuokoteza, akajibu kwamba alisikia, anangoja kichwa cha mtu, akimaliza ataondoka. Yule kijana akapiga teke boksi letu. Nywele za bandia zikatapakaa mpaka kwenye mfereji. Clementina akainuka, akaenda kuziokota, moja moja, akizikung'uta vumbi. Akarudi mbele yake akamwambia, "Harusi ni kesho. Nikimaliza, nipige."

Fimbo ikainuka. Nikapiga ukunga, sijui hata nilisema nini, nadhani nilimwita mama yangu. Ndipo sauti ya mwanamke ikaja kutoka kwenye teksi, inakuja inafoka, kabla mwenyewe hatujamwona. Hlengiwe! Shangazi yake nyuma, mnene, anahema. Hlengiwe akaingia kati ya fimbo na Clementina, akang'oa kile kitambaa kichwani.

Jamani, kichwa kile. Kulia malkia. Kushoto nywele zimesimama wima kama zimepigwa na umeme.

"Naolewa kesho!" akamwambia yule mwenye kofia. "Niingie kanisani hivi? Nani kati yenu atanisuka? Wewe? Haya, weka fimbo, shika kitana!" Na kweli akamshikisha kitana mkononi.

Dereva mmoja wa teksi akaangua kicheko. Akafuata mwingine, wakafuata abiria, kituo kizima. Shangazi naye akacheka huku akifuta jasho. Yule kijana alikitazama kile kitana, akajikaza uso usicheke, ukamshinda. "Eish," akasema. Akakirudisha. "Maliza uondoke." Wakaenda.

Sisemi kwamba tulipendwa siku hiyo. Mtaa wa pili mwenzetu alivunjwa mkono, na ilipita wiki kabla viti havijaanza kurudi kimoja kimoja. Lakini pale petu kicheko kilikwenda kwa shujaa, na methali ya kwetu ikae ijifikirie.

Clementina akamketisha bibi harusi, akaweka kiganja. Halafu akaniambia, "Atu, shika huku chini karibu na sikio, tumalize haraka." Nikashika. Mikono yangu ilitetemeka hata nywele zikawa zinanitoka. Nikatupia macho mikono yake. Imetulia kabisa, inakwenda, inarudi. Nikainamisha macho, nikaona kitenge chake kinacheza. Magoti! Magoti yalikuwa yanagongana kama sahani. Alipewa kile alichoomba, mikono tu. Akaona ninavyotazama, akaninong'oneza, "Magoti nilisahau kuomba."

Nililia pale pale, nikisuka.

Kazi ilipokwisha, upande wangu ulikuwa aibu tupu. Mistari imepinda, mingine imekutana njiani. Hata ile twende kilioni, ambayo kila mtoto wa kike Tukuyu anaijua, ningeifanya vizuri zaidi. Nikataka kufumua. Hlengiwe alijitazama kwenye kioo kidogo, kulia, kushoto, akakishika kitana changu akanizuia. "Acha," alisema. "Hivi hivi."

Picha ya harusi alituletea mwenyewe, nami ninayo hapa Tukuyu, ukutani juu ya redio. Mwaka jana mume wangu alipolazwa, niliitazama kila asubuhi kabla sijapanda basi la kwenda hospitali, nikaomba mikono ya kumlisha uji, basi, zaidi ya hapo sikuomba. Wageni wakiitazama huwa wanauliza, mbona bibi harusi mzuri hivi, karibu na sikio wamemfanyaje? Nawajibu, huo ni woga wangu, na Hlengiwe aliolewa nao.