Mikono ya Mwenye Bucha

Mwenye bucha wa hapa mtaani Majimbo hukata kilo moja ya nyama kwa jicho tu. Mizani huja baadaye kumkubalia. Huzungumza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, hata anapobishana na mfupa, na kila mteja humuuliza kwanza habari za nyumbani. Kwa miaka mitatu alifunga mikono ya koti lake jeupe kwa vifungo, jua liwake lisiwake, kwa maana chini yake kulikuwa na mabaka mekundu yenye magamba. Sisi majirani tuliyaita choa, na baadhi yetu tukahamia bucha nyingine. Jumamosi iliyopita alifungua mlango akiwa ameikunja mikono ya koti hadi juu ya viwiko.

Mama Kajuju, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, akarudi nyuma hatua moja. “Hiyo choa haijapona, mzee, na unatushikia nyama?”

“Si choa, mama. Ni saratani. Inaitwa limfoma, na yangu ilianzia kwa ngozi. Haiambukizi.” Alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja ukoo wake. Kisha akatuonyesha kovu karibu na kiwiko. “Hapa daktari alikata kipande cha kupima. Alikata vibaya! Angeniita nimsaidie.”

Foleni nzima ikacheka. Yeye aliweka kiganja juu ya paja la ng’ombe, akimngoja mama huyo. Mama Kajuju aliyatazama yale mabaka, akaitazama nyama.

“Nikatie kilo mbili,” akasema. “Na usinijazie mifupa ati kwa sababu unaugua.”