Riwaya ya mtu aliyepotea msituni imenirudisha kwenye maji ya kaka yangu

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaazima stori ya mtu.

Mimi ni mtu wa tangawizi, huku Mamba, Same. Darasa la saba sikumaliza, ila leo nina fuso mbili. Nimejitengeneza mwenyewe, na nimeisema hiyo miaka yote.

Binti yangu Nakunda, yuko chuo, kaniletea riwaya iliyopata tuzo kubwa. Jamaa kapotea msituni, anapambana peke yake mpaka anatoka.

"Baba, huyu ni wewe mtupu. Soma, halafu niambie ukweli."

Nimeisoma wiki mbili barazani, ukungu unashuka taratibu mpaka migomba inabaki vivuli.

Kuandika anajua. Kuna kurasa nilinusa majani mabichi, nikasinzia nimo humohumo. Ila kuni mbichi kuwaka kwa njiti moja ya kiberiti? Aje Mamba wakati wa masika tumwone!

Kilichonikwaza zaidi: kitabu kizima hakuna hata mtu mmoja anayemtafuta.

Hapo nikakiweka chini.

Nikiwa kijana nilipotelea kwenye ukungu huko juu. Nikakuta mfereji wa kumwagilia, mkavu. Ndiva, bwawa letu la zamu, ilikuwa imefungwa. Mfereji mkavu kwenye ukungu haukuambii nyumbani ni upande gani.

Nikakaa. Weupe kila upande, kama unapumua.

Mara miguu ikalowa. Maji! Yanakuja polepole, yamebeba majani makavu. Nikayafuata kama naota, mpaka shambani kwetu.

Aliyefungulia ndiva ni kaka Elieza, akijua nikiukuta mfereji maji yatanileta nyumbani. Haikuwa zamu yetu. Wazee wakamnyima maji msimu mzima, maharage yake yakakauka anayaangalia.

Na mimi? Nikatangaza nimetoka kwa akili zangu. Hata Nakunda anajua hivyo.

Nikampigia Nakunda, nikamwambia ukweli. Akaniuliza:

"Baba mkubwa ulishamshukuru?"

Asubuhi nikapanda kwa kaka. Anapukuchua mahindi.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kwa ajili ya yale maji."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Mtu wa fuso mbili, mbona umechelewa hivyo?"

Akacheka, akanisogezea kigoda na hindi. Tukapukuchua mpaka ukungu ukatufunika wote wawili.

Wakuu, tuzo wampe, kalamu anayo. Ila mimi ile "nimejitengeneza mwenyewe" nimeifuta.

Nanyi semeni hapa chini: nani aliwafungulia maji?