Mninga, Neno Nililomfundisha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa Mmwera wa Rutamba. Mti tuliokuwa tukipasua mbao zake karibu na Mingoyo aliuita mtumbati, kama wanavyouita kwao. Mimi mtu wa Kivinje, domo kaya, nilimcheka. "Mtumbati ndiyo nini, shemeji? Huku pwani huu ni mninga. Watu watakuona mshamba!" Naye, mstaarabu yule, akajizoeza kusema mninga.

Ni mti mgumu. Tunda lake lina miiba katikati na bawa jembamba kuzunguka, likidondoka upepo unalichukua. Ukiupiga shoka hutoa utomvu mwekundu usiotoka nguoni hata usugue na mchanga. Siku moja shemeji ndiye aliyekata, mimi nikinoa msumeno. Tulianza kurudi nyumbani, shuka lake limelowa utomvu kifuani.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeshapamba moto. Njiani tukakutana na askari wa Mdachi, mkubwa wao Mnyamwezi. Akalishika lile shuka. "Nini hii?"

"Mninga, bwana," shemeji akajibu kwa adabu zote.

Lahaula! Kwa Wanyamwezi, mininga ni damu. Nilikuwa nalijua hilo, wallahi nalijua. Wapagazi wao walioshuka na pembe Kivinje ndio walionieleza kwamba mti umepata jina kwa ule utomvu wake. Ningesema tu, "Bwana, anasema mti," askari angeelewa, kwani hata kwao upo.

"Damu ya nani?" akafoka. Shemeji akababaika, Kiswahili chote kikamtoka. "Mtumbati! Mtumbati!" akapiga kelele, neno ambalo askari hakulijua, huku ananitazama mimi nimsemee. Bunduki ikanigeukia. "Na wewe, mwenzake?"

Nikasema, "Simjui mtu huyu. Tumekutana njiani tu."

Mwoga mkubwa mimi. Wakamfunga kamba, wakampeleka Lindi, wakamnyonga.

Dada alipokaa eda niliketi naye kila siku. Siku moja akaniuliza, "Kaka, alipochukuliwa alisema nini?"

Nikamwambia, "Alikutaja wewe." Dada akalia, kisha akanishika mkono akanishukuru kwa kutomwacha mumewe peke yake. Na kila Idi, mpaka alipokufa, alinishukuru tena.