Dawa ya Sita

Mama wa labo, maabara ya hospitali yetu hapa Dilala, hugombeza bakteria kama wapangaji wakorofi. Kila asubuhi hufunua visahani anamooteshea vijidudu vya wagonjwa, huweka rula ya shule kwenye vikaratasi vya dawa, hupima duara ambamo vijidudu vimekufa, kisha hufyonya. "Munakula dawa yote, na munanona tu!"

Mwezi uliopita daktari alikuwa ameamua kumkata mguu Gael, mchimbaji wa kobalti ambaye kidonda chake kilikataa kupona. Mama wa labo akaja wodini mbio, kisahani chenye vijidudu vya kidonda hicho kimefunikwa mkononi. "Docta, ngojaka! Tano zilishindwa, lakini angalia hii ya sita." Kweli, kikaratasi cha sita kilizungukwa na duara safi. Upasuaji ukaahirishwa, nami, muuguzi wake, nikaanza kumchoma Gael sindano za dawa hiyo. Gael akakodolea kisahani macho. "Mama, ni huyu njo alitaka muguu yangu? Kadogo hivi?"

"Usikachekelee. Malizaka sindano yote."

Siku ya kumi alitembea mwenyewe hadi labo kumshukuru. Mama hakuinua hata kichwa. "Nawa mikono kwanza," akamwambia. Gael alipotoka kwenda bombani, nilimwona mama akijifuta machozi kwa kiwiko.