Viti Laini vya Fundi Fikri

Kazi ilikwisha patikana: ubawabu wa jengo la ghorofa saba mjini Kairo, koti la kaki na kibanda chini ya ngazi. Mkwe wake ndiye aliyemtafutia, akadhani amemtendea hisani. Fundi Fikri Abdel-Shafi, mtu wa miaka hamsini na minane, aliposikia habari hiyo alilala siku mbili bila kula.

Alikuwa fundi magodoro, na si wa hivi hivi. Kwao Mahalla, mji wa viwanda vya nguo, fundi hupimwa kwa ngumi. Mama wa bibi harusi hulipiga godoro, na likibonyea tu, fundi ameumbuka mtaa mzima. La Fikri halikubonyea hata siku moja. Kisha sponji ikaingia sokoni, na watu wakalala juu ya takataka ile kwa furaha zao. Upinde wake wa kupigia pamba ukakaa ukutani miaka miwili.

Ndipo akaja mhandisi Dalal, binti wa jirani wa zamani. Alitaka viti kumi na viwili vya migongo mirefu, vijazwe mabaki ya vitambaa vya viwandani, vimeze kelele katika darasa la watoto wasiosikia vizuri. Mwangwi ulikuwa ukiwavurugia maneno ya mwalimu. Vikifaa, angeagiza mia. Visipofaa, ni koti la kaki.

Wiki tatu Fikri alishindilia matambaa kwa fimbo, kwa goti, hata kwa uzito wa mkewe Ihsan aliyekalishwa juu. Viti vikapangwa darasani. Dalal akapiga kofi moja, nalo likarudi kutoka kila ukuta.

"Ami Fikri, umetia mawe humu?"

"Matambaa matupu, binti yangu. Piga ngumi uone kama kinabonyea."

"Ndiyo shida yenyewe. Sauti haina pa kuingilia. Umeshindilia mno."

"Tangu lini kazi imara ikawa kosa?"

"Kwenye viti hivi, tangu leo. Nakupa mpaka Alhamisi, Ami. Baada ya hapo kamati ya shule itanunua kwingine."

Nyumbani Ihsan hakumbembeleza. "Vifumue."

"Nifanye kazi ya matapeli?"

"Ifanye, au kashike funguo za watu. Mimi chini ya ngazi silali, nakwambia mapema."

Akavifumua. Akatoa nusu ya matambaa, yaliyobaki akayapiga kwa upinde mpaka yakafumka, akayarudisha bila kuyagandamiza. Alipokalia kiti cha kwanza kikadidimia, na Fikri akaona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alilia, tena mbele ya mkewe.

Alhamisi Dalal akapiga kofi. Likasikika mara moja, likafa. Akapiga tena, likafa. Akacheka kwa furaha na kuagiza viti mia hapo hapo.

"Na nyuma ya kila kiti tutaandika jina lako, Ami, wazazi wajue ni kazi ya nani."

Fikri alishukuru kwanza, maana kazi alikuwa ameipata. Kisha akakipiga ngumi kiti kilichokuwa karibu, kikabonyea.

"Andikeni la shule," alisema. "Langu liacheni, binti yangu."